Kinywa Changu na Springi za Bunduki ya Mzee Tluway

Mbulumbulu, Karatu
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hii nikiwa nimepiga magoti, maana najua umenikasirikia na haki unayo. Goti lako la kushoto limepoa, au bado linakutabiria mvua? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Na lile bati la jikoni nililoahidi kulipigilia misumari, bado linapiga kelele upepo ukija? Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, sijashikwa hata na mafua, ingawa baridi ya huku ingewafanya watu wa Ugweno wajione wanaishi Tanga. Na ndiyo, nimesali Katoliki. Waluteri hapa wako ng'ambo ya korongo na njia ni tope tupu. Mungu ni yule yule, usimwambie mchungaji.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako anaishika baba mdogo Mbonea, naye hawezi kusikiliza simu bila kuweka sauti kubwa mtaa mzima usikie. Haya ni ya kwako. Namkunda, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Soma polepole, usiruke, wala usinisahihishe kama daftari la wanafunzi wako.

Mama, Jumamosi sitakuja.

Nimelitanguliza ili usiisikilize barua nzima roho ikiwa juu. Najua Jumamosi ndiyo siku ya kumaliza matanga ya baba na kukabidhi nyundo yake. Najua mmeisogeza mara mbili kwa ajili yangu, na baba mdogo amesema hakuna ya tatu: nisipoonekana, nyundo anapewa mwanawe Samweli, ambaye hajawahi kunyoosha hata msumari. Si kwamba sitaki kuja. Nimefungwa, mama. Na kamba niliisokota mwenyewe kwa kinywa changu, kile ulichosema tangu utotoni kwamba kitaniponza.

Unakumbuka kwamba Karatu mjini nafanya kazi kwa tajiri mwenye kibali cha kutengeneza bunduki. Lakini bunduki zenyewe ni chache. Siku nyingi kazi yangu ni vitasa vya hoteli. Mwezi uliopita nilikaa wiki nzima Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, nikibadilisha vitasa ambavyo watalii walikuwa wameondoka na funguo zake mfukoni. Niliporudi nikamkuta mzee mmoja mrefu, mguu mmoja mbovu, amekaa kwenye benchi la tajiri kwa utulivu wa mtu aliyekwenda kliniki. Ndiye Mzee Tluway, Mwiraqw wa huku Mbulumbulu. Bunduki yake ilikuwa mbovu na mahindi yake yalikuwa yanakaribia kubeba.

Bunduki haitembei kwa fundi kama redio. Ina kitabu chake na ina mwenyewe. Tukaandikishwa kituoni kwamba kazi itafanyika nyumbani kwa mzee, mbele ya macho yake, nami nikapanda gari na mfuko wangu wa tupa nikijua ni kazi ya siku mbili. Hii ni wiki ya nne.

Ni bunduki ya marisao, ya mitutu miwili, ya zamani sana. Baba yake mzee aliachiwa na mzungu wa shamba la ngano aliyekuwa akimfanyia kazi. Ukiiona utapenda, mama. Mitambo yake haiko katikati kama ya bunduki za siku hizi. Iko pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja umeshikwa na bamba la chuma lililochorwa maua madogo. Ukilifungua bamba, ndani unakuta springi iliyokunjwa kama kidole gumba na shahada vikibana kitu. Hiyo ndiyo inayomrusha jogoo, kile kichuma cha juu kinachogonga risasi. Ya kulia ilikuwa imekatika palepale kwenye mkunjo. Nikamuuliza mzee imekuwaje, akasema miaka yote bunduki imesimama nyuma ya mlango, haina risasi, lakini majogoo yametegwa.

"Mzee wangu, springi ikibanwa miaka yote inachoka. Kwa nini hukuyalaza?"

"Tembo hapigi hodi," akanijibu.

Shamba lake limepakana na msitu wa Ngorongoro, katikati kuna mtaro tu ambao tembo wanauvuka kama wewe unavyovuka kizingiti. Mwaka jana walikula nusu ya mahindi na kukanyaga nusu iliyobaki. Askari wa wanyama wakiitwa wanakuja, lakini tembo hawawasubiri. Mzee hana nia ya kuua. Anapiga hewani, wanarudi. Bila mlio ule, kile chakula ni chao.

Sasa nisikilize, hapa ndipo kosa lilipo. Ili nitengeneze springi ya kulia nilihitaji kielelezo, na kielelezo kilikuwa springi ya kushoto, nzima kabisa. Springi ya namna ile haitolewi ovyo. Inabanwa kwanza kwa kibano chake, ndipo inatoka. Kibano nilikiacha Karatu. Fundi mwenye adabu angerudi kukifuata. Mimi, mtoto wa mhunzi, nikaona aibu kusema nimesahau kifaa. Nikachukua plaizi. Nikasikia mlio mdogo tu, kama mtu aliyevunja biskuti, na mkononi nikawa na vipande viwili.

Mke wa mzee, Mama Paskalina, alikuwa anapepeta maharage pale pale. Akatazama vipande, akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "ilikuwa inaumwa mguu mmoja. Wewe umeikata yote miwili."

Mzee hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Walishakuja mafundi wawili kabla yako. Mmoja mwaka juzi, mmoja mwaka jana. Wote waliaga kwamba wanakwenda Arusha kufuata vifaa. Nadhani Arusha ni mbali sana."

Ndipo damu iliponipanda. Nilisimama mbele yao, tena nikiwa na njaa, na unajua nikiwa na njaa nilivyo. Nikasema, "Naapa kwa nyundo ya baba yangu, sikanyagi kwetu mpaka bunduki hii ilie kwa midomo yote miwili."

Nilidhani nimesema neno la kuwatuliza. Lakini watu wa huku neno la kiapo hawalichezei, kama sisi tu. Mzee akavua kofia. Mama Paskalina akaacha ungo. Mzee akasema, "Nimesikia. Na nyumba imesikia." Hapo hapo nikakumbuka siku yenu ya kukabidhi nyundo.

Kwetu aliyeapa kwa nyundo hafunguliwi na mchungaji wala mwenyekiti wa kijiji. Anafunguliwa na mwenye kuishika hiyo nyundo, kwa kuigonga kwenye fuawe na kumtaja jina. Baba angekuwa hai angenitukana vizuri, kisha angenigongea. Sasa nyundo haina mtu. Na Jumamosi ikienda kwa Samweli, ndiye nikamwombe anifungue? Samweli huyu huyu aliyeniletea soda nimfungulie kwa sababu kizibo kimemshinda? Nikija bila kufunguliwa, nitaishika nyundo ya baba kwa mkono uliokwisha kuisingizia uongo. Siwezi. Nimejaribu kujidanganya kwamba haya ni mambo ya wazee, lakini nimeshindwa.

Basi nikaanza kazi. Ya kwanza niliitoa kwenye msumeno wa zamani wa mzee. Ikakatika kabla sijaiingiza. Ya pili niliikata kwenye kipande cha springi ya lori, nikaipiga tupa siku nne mpaka vidole vikatoka malengelenge. Ikatoka nzuri ajabu. Nilipoiweka kwenye mtambo wa kulia ikakataa, maana nilikuwa nimeinakili ya kushoto kama ilivyo, na kulia na kushoto vimegeukiana kama viatu. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikasema si kitu, basi itakuwa ya kushoto. Nikaibana, ikavunjika. Ya tatu ikavunjika. Ya nne nikailegeza zaidi, ikajikunja na kulala palepale kama mlevi.

Na hapo, mama, ndipo nilipoanza kuona kuta. Si kwamba wananitesa. Wangenitesa ningeondoka kwa hasira. Wananipa kigoda changu, bakuli langu, blanketi zito kuliko lao. Asubuhi Mama Paskalina ananiletea uji, nasema "naas", nao wanafurahi kwamba najua kusema ahsante yao. Makande wanapika vizuri, nasema kweli, ingawa hayafikii yako. Hakuna mtu aliyenifungia mlango. Lakini kila nikila naona kijiko kinaniuliza, "Springi je?" Jioni nakwenda mpaka ukingoni ambako ardhi inakatika, natazama chini bondeni. Naona barabara ya Mto wa Mbu, nyembamba kama uzi, na magari yanakwenda upande wa kwenu. Natazama mpaka ukungu unashuka kutoka msituni na kuifuta. Nililia huko siku moja. Nimekwambia ili ujue, si ili unihurumie.

Wiki iliyopita nilifunga mfuko. Nilisema potelea mbali, nyundo ni ya baba yangu, mzee huyu ni nani kwangu? Nikaaga. Mzee Tluway aliinuka. Alichukua mfuko wangu, akaubeba begani yeye mwenyewe na mguu wake ule, akanisindikiza kama mgeni anavyosindikizwa. Tukapita kando ya mahindi. Yalikuwa yametoa ndevu. Tulipofika kwenye mtaro nikamwambia, "Mzee, nipe mfuko, urudi, unachechemea."

"Nitakufikisha barabarani," akasema. "Mimi sikukufunga, mwanangu. Sina kamba ya kufunga mtu. Ni kinywa chako."

Nikachukua mfuko, nikageuka, tukarudi nyumbani kwake.

Nilikuwa najua tatizo liko wapi. Ni kwenye kutia matiko. Chuma ukikichoma na kukizamisha kwenye mafuta kinakuwa kigumu, lakini kinakatika kama kioo. Lazima ukirudishe kwenye moto polepole, ukitazame kinavyogeuka rangi, na ukitoe kwa wakati wake. Ukiwahi, kinakatika. Ukichelewa, kinalala. Kwa hiyo mara tatu niliwahi na mara moja nilichelewa, na wakati wenyewe sikuujua. Na sababu ya kutoujua nimeificha mwaka mzima. Macho yangu si mazima, mama. Kule Arusha nilichomelea geti na madirisha miaka sita, mara nyingi bila miwani, kwa ubishi. Kusoma nasoma, njia naiona, lakini rangi zilizokaribiana zinanichanganya. Zambarau na buluu kwangu siku hizi ni ndugu wa tumbo moja. Usilie. Niliogopa kukwambia kwa sababu nilijua utasema, "Kama baba yako."

Kama baba. Juzi nilikuwa nimekaa nje nimekata tamaa, mbele yangu shamba la maharage la Mama Paskalina limechanua lote, maua yale ya zambarau. Nikasikia sauti yako. Si muujiza, ni kumbukumbu tu. Niliiona karakana ya baba, giza, mlango umerudishwa, mimi narudi na makaa niliyotumwa nje kufuata, na wewe umekaa kwenye mivukuto, jambo ambalo baba mdogo na wazee wengine walikuwa wakilinong'onea kwamba mwanamke hakai pale. Na baba anauliza, ameinamia chuma, "Mama Elieza, rangi gani?"

Na wewe unajibu, "Manjano ya nyasi."

"Sasa?"

"Ua la maharage. Ngoja lipite."

"Sasa?"

"Anga baada ya mvua. Toa!"

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. Miaka yote nilidhani mlikuwa mnaongea tu, mume na mke, ili kazi isichoshe. Kumbe baba alikuwa haoni! Moshi na moto vilikuwa vimeshamla macho, na kila jembe, kila panga, kila kisu kilichomletea sifa kutoka Usangi mpaka Kilomeni, wakati wake ulikuwa kinywani mwako. Hamkumwambia mtu. Mtoto wenu mwenyewe hamkuniambia. Nimekasirika kidogo, mama, nakiri. Halafu nimeona haya, kwa sababu na mimi nilikuwa naficha jambo lile lile.

Nikamwendea Mama Paskalina. Nikamwambia ukweli mbele ya mzee, kwamba mikono ninayo, macho sina. Nilitegemea waseme, kumbe tumeletewa fundi kipofu. Mama Paskalina akauliza tu, "Unataka niangalie nini?"

"Ua la maharage likipita."

"Hilo?" akasema. "Nimelitazama tangu nizaliwe."

Tukahamia stoo, tukarudisha mlango, maana nilikuwa nafanya kazi uani juani, kosa jingine, rangi ya chuma inataka giza. Springi ya tano nilikuwa nimeshaisugua ikang'aa. Nikaiweka juu ya bati la mchanga, makaa chini. Akainama, mtandio ameufunga nyuma ya shingo. Akasema manjano. Akasema kahawia. Akanyamaza, nikafikiri amesahau. Kisha taratibu, "Ua... ua... linaondoka... anga. Toa!" Nikatoa.

Nikaibana mara kumi. Mara ishirini. Ikarudi kila mara, haikulalamika. Nikaitia kwenye mtambo wa kulia, nikafunga bamba, mzee akavuta jogoo. Ule mlio, mama, "ta", safi, hauna mkwaruzo. Akaweka risasi moja, akaenda ukingoni mwa shamba, akaelekeza juu na kupiga. Ndege wote wa msituni waliondoka. Mama Paskalina akapiga vigelegele. Nami nikakaa chini.

Mzee akarudi akitabasamu. "Mdomo mmoja umelia," akasema. Kisha akafikiri, akasema, "Mimi nimeridhika. Wa kushoto utasubiri. Nenda kamalize matanga ya baba yako."

Ni mtu mwema. Lakini yeye hana uwezo wa kunifungua, na anajua. Niliapa midomo yote miwili. Ya kushoto ndiyo nimeanza kuikata, nayo ni wiki nyingine ya tupa. Jumamosi haisubiri.

Kwa hiyo nakuomba jambo, mama, na Namkunda, hapa simama, mwite baba mdogo, na wazee walioko karibu, uwasomee kwa sauti.

Nyundo asipewe Samweli. Wala msiniwekee mimi. Apewe mama. Mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye nisemaye. Wakisema mwanamke hashiki nyundo ya ukoo, waulizeni ni nani kati yao anayejua chuma kinatolewa motoni wakati gani. Wakinyamaza, muitoe kwenye kitambaa mumpe. Samweli nampenda, ni ndugu yangu, mpeni koti la baba, litamkaa vizuri.

Na ukishaishika, mama, igonge mara moja kwenye fuawe, unitaje jina. Usiseme kingine. Sitakimbia. Springi ya kushoto nitaimaliza, kwa sababu mahindi ya mzee yamebeba na nilivunja kitu chake kizima kwa mkono wangu. Ila nataka niimalize nikiwa mtu aliyebaki, si mtu aliyefungwa. Kisha nitarudi, nikae kwenye mivukuto, wewe unitajie rangi.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie bado ninazo soksi alizofuma na huku zimepata kazi yake. Msalimie shangazi wa bondeni, na mjomba mwenye duka, na baba mdogo pia, kwa heshima zote, hata kama amenuna. Msalimie mke wangu mtarajiwa, kama bado ananitarajia. Barua hii anaibeba Paskalina, binti wa hapa, anayeshuka mnadani kesho kutwa, ataitia kwenye basi.

Namkunda, jambo la mwisho ni lako. Hapa nyumbani simu haishiki, lakini juu ya kilima cha kanisa inashika. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nimesimama pale. Mchukulie baba mdogo ile simu, unipigie, na safari hii weka hiyo sauti kubwa yake. Usinisalimie. Iweke chini, karibu na fuawe, nisikie.

Ni mimi mwanao,
Elieza